Tone Katika Jicho la Mkwe

Kosa letu lilianza kwa furaha, na mimi ndiye niliyelishika mkononi kwanza.

Ilikuwa asubuhi ya Januari, ukungu umeilalia Tukuyu kama kawaida yake, nami nilikuwa wa kwanza kufungua Chumba cha Nne cha Taasisi ya Fuwele. Ndani ya chupa namba kumi na saba, mahali palipopaswa kuwa na kimiminika cheupe kama maji ya mchele, palikuwa na sindano. Sindano za kioo, nyembamba, ndefu kama kidole, zimesimama kutoka kitako cha chupa hadi mdomoni. Nilichomoa moja kwa koleo, nikailaza kiganjani. Ilikuwa nzuri. Sitasema kwamba niliogopa, maana sikuogopa. Nilipiga ukelele hadi fundi mitambo akaja mbio akidhani nimeungua.

Wakaja wote, watu kumi na tisa. Kwetu mtoto mchanga akiletwa nyumbani hakuna anayemtazama kwa mbali: kila mtu ananyoosha mikono, kila mtu anampakata, na asiyempakata anaonekana ana roho mbaya. Ndivyo tulivyoifanyia sindano ile. Ilipita mkono kwa mkono. Mpishi wa kantini aliitwa aje aione, mlinzi wa getini akaipuliza vumbi kwa pumzi yake, mtu mmoja akasema tuipe jina. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kufikia Alhamisi kila chupa ndani ya jengo ilikuwa imeganda.

Ili uone uzito wa jambo lenyewe, fikiria waumini siku ya Jumapili. Wakiwa wameketi kwenye mabenchi, kila mmoja mahali pake, hiyo ni fuwele ngumu, kama chumvi. Wakiwa sokoni, kila mtu na njia yake, hayo ni maji. Lakini kuna ile dakika wanapotoka mlangoni mwa kanisa: wanatembea, wanasukumana, hakuna aliyekaa, na bado wote wameelekea upande mmoja. Hiyo ndiyo fuwele-maji. Ukiigusa kwa umeme kidogo tu, molekuli zote zinageuka pamoja, na mwanga unaopita kati yake unageuka nazo. Sisi tuliifunga ndani ya kifuko kidogo kama punje ya dengu, tukakiweka ndani ya macho ya watu waliopata upofu wa ukungu, ule uliokuja na miaka ya jua kali na ambao lenzi za plastiki haziuwezi. Kifuko kilipokea umeme wa misuli ya jicho lenyewe. Mtu aliyekuwa akishikwa mkono kwenda chooni aliweza kusoma Zaburi kwa umbali wa shibiri na kuutazama Mlima Rungwe kwa lenzi ileile.

Ila kimiminika hicho hakijipangi chenyewe. Ni kama mtindi: unaweza kuwa na maziwa mazuri namna gani, bila kijiko cha mtindi wa jana utangoja sana. Kila chupa mpya ilihitaji tone kutoka chupa ya zamani, nasi tuliliita tone mama. Sindano zile zilikuwa molekuli zilezile zilizogundua namna nyingine ya kukaa, ngumu zaidi na ya raha zaidi kwao. Chembe moja ya vumbi lake, isiyoonekana kwa macho, ikidondoka ndani ya chupa huifundisha chupa nzima kuketi. Na zikishaketi haziinuki tena, hata uzipashe moto mpaka ziungue.

Tulikuwa tumekwisha kulibeba vumbi hilo kwenye nywele na kwenye makoti. Tulikwenda semina Dodoma, arusi Iringa, mazishi Kyela. Karakana ya wenzetu Morogoro iliganda siku tatu baada ya mimi mwenyewe kwenda kuwasaidia. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuiona sindano maarufu, wakarudi makwao nayo bila kujua. Kufikia Pasaka hapakuwa na tone mama hata moja katika maabara yoyote duniani, na watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa kwenye orodha yetu wakisubiri macho.

*

Mwezi wa Agosti, Dokta Makame Faki, mkurugenzi wetu, aliniita ofisini. Makame ni Mpemba aliyeishi na baridi ya Rungwe miaka ishirini bila kuacha kuilalamikia hata siku moja. Alikuwa amevaa makoti mawili. Ukutani kwake palikuwa na ramani ya nyanda za juu iliyojaa vibandiko vyekundu.

Kila mmoja wetu alikuwa ameandika kila nyumba aliyoingia tangu Januari. Makame akatuma sahani za maji ya kupimia kwa ndege-posta, zile ndege ndogo zinazopeleka vifurushi, kwenye nyumba hizo na kwa ndugu zetu wote, hata wale ambao hatukuwa tumewatembelea. Maji hayo ni binamu wa kimiminika cha lenzi. Hayawezi kumsaidia mtu kuona, lakini vumbi letu likiyafikia yanaganda vilevile. Sahani zaidi ya mia sita zilikuwa zimeganda.

"Moja haijaganda," alisema Makame. "Wiki ya tatu leo, maji matupu."

"Iko wapi?"

"Kwa mkweo."

Nilijifanya naitazama ramani.

"Sasa hebu nieleze mie, Tuse, maana sifahamu. Umeolewa miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na hujatia mguu nyumbani kwa baba wa mumeo?"

"Nimefika hadi kwenye migomba. Nikisikia anakohoa, nageuka."

Makame alicheka mpaka akashika meza. "Wallahi, kwetu mkwe ningemkandia chapati kila Ijumaa."

Nilimweleza, kwa mara ya kumi nadhani, kwamba kwa wazee wetu mkamwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hata jina lake halitamki, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo. Mimi mwenyewe nilipoolewa niliipokea kwa kicheko, nikajiambia nitaishika mwaka mmoja kumridhisha mama mkwe. Mama mkwe akafariki, na mwaka ule ukawa kumi na miwili. Nilikuja kuipenda. Mzee Gwakisa Mwambene hapiti njia ya kanisani kabla ya saa tatu, ili mimi nipite kwa raha. Nikitoka ibadani nakuta amefyeka nyasi pale ninapojibanza kumpisha. Sijawahi kusikia neno lake moja kuhusu mimi, na ninajua kwamba ananipenda.

Mume wangu, Ambakisye, ana mwaka wa pili kazini Lubumbashi. Wifi yangu Subilaga, anayeishi na mzee, hakuwa amenitembelea tangu Krismasi. Basi hivyo, kati ya heshima na uvivu wa kutembeleana, nyumba moja ilikuwa imebaki safi.

"Kuna la pili," alisema Makame, na hakucheka tena. Akafungua jalada la zamani. "Lenzi namba moja."

Nililijua jalada hilo kabla hajaligeuza. Lenzi tano za kwanza tulizijaza kimiminika kitupu. Zilizofuata tulizitia gundi nyepesi ndani ili zidumu, na gundi hiyo huua uwezo wa tone kuwa mama. Kwa hiyo katika mamia ya watu wanaotembea na lenzi zetu, ni wale watano tu waliobeba kimiminika hai, na wanne kati yao wametangulia mbele ya haki. Wa tano ni mkwe wangu. Lenzi yake niliitengeneza mimi, na siku anawekewa nilikaa chumba cha pili nikisikiliza kupitia ukutani.

"Ulijua," alisema Makame.

"Tangu Februari."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa naomba Mungu lipatikane tone kwingine."

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Alinieleza mpango kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Daktari wa macho angetoka Kigoma, mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Angemfanyia mzee upasuaji nyumbani kwake mwenyewe, na tone lingeoteshwa humohumo. Baada ya miezi minne, lenzi kwa wote mia mbili na kumi na wawili. Baada ya mwaka, kwa maelfu.

"Na yeye?"

"Tutamwekea nyingine mwakani. Kwa umri wake, na kovu, ni nusu kwa nusu."

"Jicho la kulia lilitobolewa na mwiba tangu ujana wake, Dokta. Anaona kwa hilo moja."

"Najua. Limeandikwa." Akafunga jalada. "Nimesikia kwa watu wa kantini kwamba katika ukoo ule ombi la kwanza la mkamwana halikataliwi."

Alikuwa amesikia vizuri. Kwa akina Mwambene, kimya cha mkamwana na mkwe wake kinafunguliwa siku mkamwana atakapotuma ombi lake la kwanza. Atakachoomba atapewa. Mke wa shemeji yangu mkubwa aliomba mtamba. Shangazi mmoja wa zamani aliomba shamba la kando ya mto, na mzee wa wakati huo akalikata wiki hiyohiyo. Kukataa ni sawa na kumwambia mwanamke yule kwamba hakuolewa. Hakuna mzee wa ukoo ule aliyewahi kukataa. Mimi nilikuwa bado sijaomba kitu.

"Basi shida iko wapi?" aliuliza Makame.

"Shida ni hiyohiyo. Nikiomba, nimelichukua. Hawezi kusema hapana."

"Watu mia mbili na kumi na wawili, Tuse. Nao hawakuulizwa kama wanataka upofu."

Nilitoka pale bila kuaga.

*

Kila Ijumaa saa nne asubuhi simu yangu hulia, na huwa ni Mama Anyisile Kibona wa Ileje, namba thelathini na nane kwenye orodha. Ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini alizishonea kwaya za wilaya yake sare. Sasa anashona kwa kupapasa, na wanakwaya, kwa adabu zao, wanavaa kola zilizopinda na kumwambia zimekaa vizuri.

"Wananidanganya," aliniambia Ijumaa ile. "Nawajua kwa sauti. Mtu akivaa nguo iliyomkaa, anaimba vingine."

"Pole, mama."

"Ya nini pole? Niambie kuna habari gani."

Kila wiki nilikuwa nikimwambia hakuna habari, na ilikuwa kweli. Wiki ile haikuwa kweli. Nilimwambia kuna kitu tunakifuatilia, nisingependa kumpa tumaini la bure.

"Daktari, mimi tumaini la bure silikatai. La kununua sina uwezo nalo." Akacheka peke yake. Kisha akasema kwa utulivu kwamba juzi alijichoma sindano kwenye ukucha, ikaingia hadi nyama, na alilia, si kwa maumivu bali kwa kuwa hakuiona damu na hakujua kama sare ya mtu imechafuka.

Nilipokata simu nilikaa muda mrefu. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mikono iliyoizungusha sindano ile Januari ilikuwa yangu. Kama mimi ningeamka siku ile nikaichoma moto ile chupa, Mama Anyisile angekuwa anatunga uzi saa hizi. Na sasa, kulipia kosa langu, natakiwa nimwombe mzee asiyeweza kukataa jicho lake la pekee. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tunavyosema, lakini hapa palikuwa na njia ya kuyazoa, nayo ilipita katika mwili wa mtu mwingine.

Siku ya pili yake, nikichambua maharage, nikaona la kufanya. Sikuona fahari yoyote. Niliona tu kwamba nikishalifanya, halirudi nyuma.

*

Jumapili baada ya ibada nilimpigia wifi yangu.

"Mwe! Mwanasayansi amekumbuka kwao," alisema Subilaga. "Au umekosea namba?"

"Wifi, acha utani. Baba yupo?"

Utani ulimwisha mara moja. Katika miaka kumi na miwili sikuwahi kuuliza swali hilo. "Yupo. Ameketi hapa, anamenya ndizi."

"Weka simu mezani. Mwambie nina maneno, na wewe uwe mdomo wangu."

Nilisikia kiti kikivutwa. Nikasikia kikohozi ambacho siku zote kilikuwa kikinifanya nigeuke, na kwa mara ya kwanza sikugeuka. Yeye alinisikia, nami nilimsikia, lakini tulisema kupitia kwa Subilaga kama inavyopasa, kila neno likipita mara mbili.

"Mwambie baba namsalimu. Mwambie nina ombi langu la kwanza."

"Baba, mkamwana anasema ana ombi lake la kwanza."

Kisha sauti nzito, ya taratibu: "Mwambie mkamwana wangu nimelingoja siku nyingi. Nilidhani hataki kitu kwangu. Aseme."

Nilivuta pumzi. "Mwambie naomba mkungu mmoja wa ndizi."

"Baba, anaomba..." Subilaga alikatiza. Akainamia simu na kunong'ona kwa ukali. "Wifi, una wazimu? Mkungu wa ndizi? Mwenzio aliomba mtamba!"

"Mwambie hivyohivyo."

Alimwambia. Mzee alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetegemea mlima akaletewa kokoto. "Mwambie amepewa. Mwambie atachaguliwa mkubwa kuliko wote shambani."

"Ndaga, asante, baba," nilisema, na hilo nililisema mwenyewe bila kupitisha kwa mtu, kwa sababu sasa kimya kilikuwa kimefunguliwa. "Limekwisha ombi la kwanza. Sasa nina la pili. Na la pili, baba, linakataliwa."

Nikamweleza yote. Sikuficha sindano wala mikono yangu. Nilimweleza tone lililo ndani ya jicho lake, daktari wa Kigoma, mwaka mzima wa giza, na ile nusu kwa nusu. Nilimweleza orodha. Nilisema hata jina la Mama Anyisile, kisha nikajuta, maana jina nalo lina uzito, nikamwomba radhi kwa kulitaja. Subilaga hakurudia neno hata moja. Nilimsikia akipumua.

Mzee aliweka chini kisu cha kumenyea.

"Ulikuwa nalo mkononi," alisema hatimaye. Alisema nami moja kwa moja. "Ungeniomba jicho kwanza, ningelitoa. Ningelitoa na moyo wangu ungekuchukia mpaka kaburini."

"Najua, baba."

"Ukaliuza kwa ndizi."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilikaa gizani miaka minane kabla ya lenzi yako. Watu wanadhani upofu ni kutoona. Upofu ni kusubiri. Unasubiri mtu akupe kikombe, unasubiri mtu akwambie nani kaingia. Mke wangu aliugua mwaka wa saba, nikawa namuuliza yeye mgonjwa kama amekonda." Akakohoa. "Sitarudi kule, mwanangu. Hata kwa mwaka. Hata kwa huyo mama wa Ileje. Nasema hapana."

Nilidhani nitasikia nafuu. Nilisikia maumivu tu, kama mtu aliyenyimwa chake. "Nimesikia, baba."

"Usinijibu upesi hivyo. Sijamaliza. Umesema nyumba yangu haina hilo vumbi lenu."

"Haina."

"Bila tone langu, kitu hicho hakiwezi kuota hata kidogo?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mwanzoni kabisa, kabla ya tone mama la kwanza, kimiminika kilijipanga chenyewe kwa bahati. Ilituchukua chupa elfu nne na miaka karibu mitatu. Mahali penye vumbi haiwezekani tena. Mahali pasafi, huenda ikawezekana.

"Basi jicho sitoi," alisema. "Nyumba natoa. Vyumba viwili vya nyuma vimekaa bure tangu mama yenu aondoke. Ninyi msikanyage huku. Subilaga ana mikono."

"Mimi?" alisema Subilaga. "Baba, mimi hata keki inanishinda!"

"Utajifunza," alisema mzee, na nikasikia kisu kikirudi kwenye ndizi.

*

Makame hakupiga kelele. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama dirishani, akavua koti moja na kulikunja, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Ulikuwa na ufunguo," alisema. "Ukautupa mtoni makusudi, halafu ukaenda kugonga hodi."

"Ndiyo, Dokta."

"Mie ningemwomba jicho kwanza. Ningeomba, na nisingelala, lakini ningeomba." Akanitazama. "Sisemi wewe umekosea. Nasema mie ningeomba."

Kisha akavuta karatasi na kuanza kuandika vitu vya kupeleka kwa ndege-posta, vyote vipya, vyote kutoka viwanda ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvigusa: chupa mia tano, vipima joto, kamera ya kumfundishia Subilaga. Aliandika haraka na kwa hati mbaya. Alipofika mwisho aliniuliza nani atawaambia watu wa kwenye orodha. Nilimwambia nitawaambia mimi, wote, mmoja mmoja, na kwamba sitawaambia kuna uhaba wa vifaa.

Jumatatu ndege-posta ilitua mbele ya mlango wangu ikilalamika kwa uzito. Ilikuwa imebeba mkungu wa ndizi, mkubwa sijawahi kuona, umefungwa kwa majani makavu na fundo la mtu aonaye anachokifunga. Niliuweka jikoni. Sikuweza kuula, na sikuweza kuugawa, mpaka ulipoanza kuiva nikapeleka wote kantini.

Ijumaa saa nne simu ililia.

"Habari gani?" aliuliza Mama Anyisile.

Nilimwambia. Nilianza na sindano ya Januari na mikono yangu. Nilimwambia yuko mzee mmoja ambaye jicho lake lina tone ambalo lingempa yeye macho kabla ya Krismasi. Sikumtaja kwa jina. Nilimwambia nilimwomba na amekataa, na kwamba tunaanza upya, kwa bahati, kwenye nyumba safi.

"Amekataa," alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Ni nani wako, huyo mzee?"

Ningeweza kusema si mtu wangu. "Ni baba mkwe wangu."

Ileje na Rungwe si mbali, na wazee wake na wazee wetu walioleana tangu zamani. "Ukoo gani?"

"Mwambene."

"Akina Mwambene nawajua," alisema polepole. "Dada yangu aliolewa huko. Aliomba cherehani. Hii ninayoshonea ndiyo ile, aliniachia." Nikasikia kiganja chake kikipapasa chuma. "Kwa hiyo la kwanza uliomba nini?"

"Ndizi."

Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akipita akimsalimu, naye hakumwitikia.

"Basi aliyeninyima si yeye," alisema.

"Si yeye, mama. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu asingeweza kukukatalia."

Nilitamani anitukane, na nilijua hatanitukana, kwa sababu si mwanamke wa namna hiyo. Alivuta pumzi mara mbili, kama mtu anayejaribu kutunga uzi.

"Itachukua muda gani, hiyo bahati yenu?"

"Miaka miwili. Huenda mitatu. Huenda isitokee kabisa."

"Nina miaka sitini na tisa," alisema Mama Anyisile. "Kata simu uende kazini."